Mtoto wa klasi mbili: nani atasema minervali yake?



Wadogo wa kalasi za chini wanatuuliza: hili neno « kurithi » linatafuta nini katika somo la informatiki? Kurithi tunajua: ni shamba, ni nyumba, ni jina la babu. Ordinatere (ndugu zetu wa Tanzania wanaiita kompyuta) itarithi kitu gani? Ulizo ni zuri. Nitajibu, lakini nitakaa zaidi pale urithi unapoleta ugomvi, sababu ni pale kuko kitu cha kujifunza.

Kwanza maneno. Katika programu za namna hii, « klasi » si chumba chenye madawati. Ni maelezo ya aina moja ya kitu: kina habari gani, kinajua kufanya kazi gani. Kila kazi inaitwa metodi. Klasi moja inaweza kurithi ingine: inapokea metodi zake zote pasipo kuziandika tena, na ikitaka inabadilisha moja yao. Watu wawili wa Norwe, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, ndio walioleta wazo hili katika luga ya Simula 67, kule Oslo, mwaka 1967. Katika luga ile klasi ilikuwa na mzazi mmoja tu. Mzazi mmoja, hakuna matata.

Sasa tuseme ekonomi wa shule fulani anataka programu ya kuhesabu minervali. Anaandika klasi Mwanafunzi, yenye metodi « minervali », na jibu lake ni faranga 100,000. (Hesabu hizi ni za mfano, musizipeleke kwa wazazi!) Kisha anaandika klasi Internati, ya wale wanaolala shuleni: inarithi Mwanafunzi, lakini minervali yake inaongeza 60,000 ya chakula na kitanda. Kisha klasi MwanaWaMwalimu: nayo inarithi Mwanafunzi, lakini inakata nusu. Yote inakwenda vizuri mpaka siku anapoingia binti mmoja ambaye baba yake ni mwalimu, naye analala internati. Klasi yake inarithi pande mbili. Muchore katika daftari: Mwanafunzi juu, wale wawili katikati, binti chini. Mistari minne inafanya umbo la almasi, na kwa hiyo wataalamu wanaliita « tatizo la almasi ». Almasi hii haiuzwi Mbuji-Mayi.

Mutu anauliza minervali ya binti. Wazazi wake wote wawili wana jibu, na jina la metodi ni moja. Nani aseme? Internati akisema peke yake, ni 160,000, na punguzo la baba limepotea. MwanaWaMwalimu akisema peke yake, ni 50,000, na binti anakula bure mwaka mzima. Mwingine atasema: basi tuwaulize wote wawili, tujumlishe. Inakuwa 210,000! Sababu kila mmoja alikwenda kwanza kumuuliza babu, ndiye klasi Mwanafunzi, na feza za babu zikaingia katika majibu yote mawili.

Ugomvi wa namna hii si mugeni kwetu Katanga. Kwa Waluba wa hapa mtoto ni wa ukoo wa baba; kwa Wabemba ni wa ukoo wa mama. Baba akiwa Muluba na mama Mubemba, pande mbili zinamdai mtoto mmoja. Wazee wanakaa, wanazungumza, na mwisho wanapata njia. Lakini ordinatere haina wazee. Inataka sheria iliyoandikwa mbele ya ugomvi kufika, na kila luga ya programu imejiwekea yake.

C++ ni ya Bjarne Stroustrup, mutu wa Denmark, aliyeianza mwaka 1979. Ruhusa ya kuwa na wazazi wawili iliingia mwaka 1989. Sheria yake ni kukataa: ukiita « minervali » ya binti, programu ya kutafsiri inasimama na kusema jina hili lina maana mbili. Unalazimishwa kuandika Internati::minervali, ao kumuandikia binti metodi yake mwenyewe. Na kuko jambo lingine ambalo wengi hawalioni. Pasipo kuonywa, C++ inampa binti nakala mbili za babu, sawa vile mwanafunzi mmoja mwenye kadi mbili na majina mawili. Unabadilisha jina katika kadi moja, ile ingine inabaki na la zamani. Kupata babu mmoja tu, lazima kuandika neno « virtual » pale Internati na MwanaWaMwalimu wanapomrithi.

Mfaransa Bertrand Meyer, katika luga yake Eiffel, alichukua njia ya jina: metodi mbili zikigongana, unabatiza moja jina lingine, na zote mbili zinaishi.

Java, iliyotoka mwaka 1995, ilikata mzizi: klasi inarithi klasi moja tu, basi. Lakini inaweza kushika « interfasi » nyingi, maana yake orodha za kazi ambazo klasi inaahidi kufanya, pasipo kusema zinafanywa namna gani. Ahadi mbili zenye jina moja hazigombani, sababu hakuna hata moja iliyo na jibu ndani. Miaka 19 ilipita hivyo. Kisha mwaka 2014 Java 8 ikaruhusu interfasi kuwa na metodi yenye jibu tayari, na almasi ikarudi kwa mlango wa nyuma. Sheria waliyoweka ni nzuri: klasi inashinda interfasi, interfasi iliyorithi ingine inashinda ile iliyorithiwa, zikiwa sawa nguvu, programu haipiti mpaka mwenye kuiandika achague yeye mwenyewe.

Python ndiyo inanisumbua zaidi, na ndiyo wengi kati yetu wanaanza nayo. Luga hii ya Mholanzi Guido van Rossum inakubali wazazi wawili na haikuulizi kitu. Inawapanga wote mustari mmoja, halafu wa kwanza mwenye metodi ile ndiye anajibu. Zamani mustari ulipanda upande wa kushoto mpaka kwa babu, ndipo ulirudi kwa mzazi wa pili. Kama Internati hakuwa na minervali yake, babu alijibu 100,000, na MwanaWaMwalimu hakupata hata nafasi ya kufungua kinywa. Tangu Python 2.3, mwaka 2003, wanatumia sheria iitwayo C3, iliyotolewa mwaka 1996 kwa ajili ya luga ingine, Dylan. C3 inasema mambo mawili: mtoto anasimama siku zote mbele ya wazazi wake, na wazazi wanafuatana sawa walivyoandikwa. Haya mawili yasipowezekana pamoja, Python inaikataa klasi yenyewe. Basi mustari wa binti ni: binti, Internati, MwanaWaMwalimu, Mwanafunzi. Babu ni mmoja, tena wa mwisho.

Sasa musikilize vizuri. Katika Python kuko neno « super ». Vitabu vingi vinasema maana yake ni « mzazi wangu ». Si hivyo kabisa. Maana yake ni « anayenifuata katika mustari ». Internati akisema super kwa ajili ya binti wetu, hafiki kwa Mwanafunzi. Anafika kwa MwanaWaMwalimu, ambaye si mzazi wake hata kidogo. Kwa njia hii kila mmoja anaongeza kazi yake na babu anahesabiwa mara moja. Tufanye hesabu. Tukiandika Internati kwanza: babu anasema 100, MwanaWaMwalimu anakata nusu, inabaki 50, Internati anaongeza 60: jumla 110,000. Tukiandika MwanaWaMwalimu kwanza: babu 100, Internati anaongeza 60, ni 160, MwanaWaMwalimu anakata nusu: 80,000.

Munaona? Faranga 30,000 zinategemea ni jina gani limeandikwa upande wa kushoto, katika mustari ambao mama wa binti hatauona kamwe. Na Python hailalamiki, sababu kwake majibu yote mawili ni sawa. Kujua kama punguzo la mwalimu linagusa chakula ao masomo tu, si kazi ya C3. Ni kazi ya Bwana Prefe na komite ya wazazi. Kwa hiyo mimi ninapenda zaidi luga inayokataa kuliko luga inayonyamaza, na hata katika Python ningemuandikia binti metodi yake wazi: masomo kata nusu, chakula lipa yote, ao kinyume chake kama komite imeamua vile.

Kuko tena njia ya kutoa almasi kabisa. Kulala internati si aina ya mutu. Ni kitu mwanafunzi anacho mwaka huu na anaweza kukosa mwaka kesho. Basi klasi Mwanafunzi ibaki moja, na ndani yake iwe na orodha ya nyongeza na mapunguzo. Binti akihama internati, unafuta mustari mmoja. Kitabu cha Gamma, Helm, Johnson na Vlissides cha mwaka 1994 kinashauri vile: kuunganisha vitu mbele ya kurithi. Lakini musidanganyike, hata orodha ina wa kwanza na wa pili, na ulizo la kukata ao kuongeza kwanza linabaki palepale.

Kwa wale wa kalasi ya tano: muongeze klasi Kwaya, inayotoa 10,000, nayo pia itumie super. Wazazi watatu wanaweza kuandikwa kwa mipango sita. Majibu tofauti ni mangapi? Si sita. Leteni karatasi mbele ya Ijumaa, pamoja na hesabu, si jibu tupu.

Doyen wa wanafunzi, kalasi ya mwisho