Rauta Imewaka, Intaneti Haipo

Rauta ni kiboksi kidogo cha plastiki chenye taa mbele. Kazi yake ni kupokea intaneti kutoka nje na kuigawa ndani ya nyumba. Simu na kompyuta za nyumbani huipata bila waya. Njia hiyo isiyo na waya, kati ya rauta na simu, huitwa waifai.

Tuseme mama mmoja wa Isevya, hapa Tabora mjini, amenunua rauta mpya. Binti yake amemaliza kidato cha sita, naye anaomba mkopo wa kusoma chuo. Maombi kwa Bodi ya Mikopo hufanywa kwa intaneti. Siku ya mwisho ikipita, dirisha hufungwa. Zimebaki siku tatu. Mama amechomeka rauta ukutani na taa zimewaka. Simu ya binti inaonyesha alama ya waifai. Lakini ukurasa wa maombi haufunguki.

Kijana wa jirani anaingia. Anaigeuzageuza rauta.

"Mama, hii imeungua," anasema. "Nipe elfu ishirini nikaitengeneze."

"Elfu ishirini nitakupa, mwanangu," anajibu mama. "Lakini niambie kwanza kimeungua nini."

Kijana hana jibu. Basi na sisi tuulize swali hilo hilo la mama: kitu gani hasa hakifanyi kazi?

Njia ina vituo

Wenyeji wa Tabora tunaijua habari ya njia na vituo. Misafara ya zamani ilitoka Bagamoyo, ikapita hapa Unyanyembe, ikaenda mpaka Ujiji. Mwezi Novemba 1870, mfuko wa barua za Daktari Livingstone ulifungwa Unguja upelekwe Ujiji. Ulimfikia Novemba 1871. Mwaka mzima! Barua hazikupotea. Zilikaa Bagamoyo zaidi ya miezi mitatu, kwa sababu wapagazi hawakuondoka. Kisha zikakwama huku kwetu, kwa kuwa vita vya Mirambo vilifunga njia ya Ujiji. Henry Stanley alizikuta Kwihara, akazichukua katika msafara wake.

Mtu aliyekaa Ujiji angeweza kusema tu, "Barua hakuna." Kujua zimekwama wapi kulihitaji kuuliza kituo kwa kituo.

Intaneti nayo husafiri hivyo. Sehemu kubwa huingia nchini kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, zinazofika Dar es Salaam. Kutoka pwani hupita katika nyaya za nchi kavu, ambazo ndani yake mna nyuzi nyembamba za kioo. Hufika kwenye mnara wa kampuni ya simu. Mnara huirusha hewani mpaka kwenye rauta. Mwisho, rauta huirusha kwenye simu yako. Safari yote hiyo haifiki sekunde moja, lakini vituo ni vile vile, na kila kimoja kinaweza kukwama.

Anza kuuliza kwenye vituo vya nyumbani. Hivyo ndivyo unavyoweza kuvishika kwa mkono, wala havikugharimu kitu.

Waifai si intaneti

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wakiona alama ya waifai kwenye simu, hudhani intaneti imefika. Sivyo. Alama ile inaeleza jambo moja tu: simu na rauta zinasikilizana. Rauta yenyewe huenda haijapata kitu kutoka kwenye mnara. Ni kama kuwa na mtungi na kata yake pale jikoni, kumbe kisima kimekauka.

Kwa hiyo jiulize: je, simu inakataa kuingia kwenye waifai, au inaingia lakini kurasa hazifunguki? Hayo ni magonjwa mawili, na kila moja lina dawa yake.

Simu ikikataa kuingia, mara nyingi nenosiri limeandikwa vibaya. Geuza rauta uangalie chini yake. Utaona kibandiko. Hapo pameandikwa jina la waifai na nenosiri lake. Sasa soma polepole, kama ulivyosoma siku za kwanza darasani. Kwetu sisi "Mama" na "mama" ni neno moja. Kwa rauta ni maneno mawili. Herufi kubwa iandike kubwa, na herufi ndogo iandike ndogo. Tazama sana herufi O na sifuri, zinafanana. Tazama herufi kubwa I, herufi ndogo l na namba 1. Maandishi ya kibandiko huwa madogo mno, hata mwenye macho mazima hukosea. Yanakili kwenye daftari kwa maandishi makubwa, kisha hesabu. Nenosiri la waifai huwa na herufi au namba zisizopungua 8. Ukihesabu 7, umeruka moja.

Umeme na taa

Kama simu imeingia kwenye waifai lakini kurasa hazifunguki, tazama rauta. Ukiiwasha, ipe dakika tatu hivi. Rauta haiamki papo hapo kama taa ya chumbani.

Tumia chaja iliyokuja nayo. Rauta nyingi za nyumbani hutaka umeme wa volti 12. Chaja ya kawaida ya simu hutoa volti 5. Namba ya volti imeandikwa kwenye chaja yenyewe, na tena kwenye kibandiko cha rauta. Namba hizo mbili zilingane. Volti zikipungua, rauta huzimika na kuwaka ovyo. Zikizidi, ndipo itakapoungua kweli.

Maneno ya kwenye rauta mara nyingi ni ya Kiingereza, lakini ni machache. POWER ni umeme. SIGNAL ni nguvu ya mtandao unaotoka kwenye mnara. INTERNET ni intaneti yenyewe. Katika rauta nyingi taa nyekundu ni dalili mbaya. Hata hivyo kila kampuni ina rangi zake, kwa hiyo soma kile kikaratasi kilichokuja ndani ya boksi. Watu hukitupa pamoja na mfuko. Usikitupe.

Laini na bando

Rauta zinazotumia mnara huwa na laini ndani, kama simu. Laini hiyo ina namba yake. Ina kona moja iliyokatwa, nayo lazima ikae upande unaoonyeshwa kwenye tundu lake. Zima rauta kabla ya kuichomoa au kuichomeka.

Laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole haifanyi kazi. Utaratibu huo umeshika nchi nzima tangu mwaka 2020. Kama uliyenunua kwake alikuambia "imeshasajiliwa, usijali," jali. Imesajiliwa kwa jina la nani? Piga *106# kwenye simu yako uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kisha angalia bando. Na hapa ndipo tulipompata yule mama. Alikuwa amenunua bando siku ile ile, tena kubwa. Alipoulizwa alinunua kwa kutumia namba ipi, akaitaja namba ya simu yake ya mkononi. Bando lilikuwa limeingia kwenye simu aliyoishika. Laini iliyo ndani ya rauta haikuwa na kitu. Kwa hiyo rauta haikuungua. Ilikuwa haijalipiwa. Ile elfu ishirini aliinunulia bando la namba ya rauta, iliyoandikwa kwenye kadi ya laini. Usiku ule binti yake akajaza fomu.

Weka wapi?

Mabati huzuia mawimbi ya mnara. Ukuta mnene wa udongo nao huyapunguza. Ukiificha rauta kabatini au nyuma ya jokofu, unaiziba masikio. Iweke juu, karibu na dirisha, upande ulio na mnara kama unaujua. Jaribu dirisha moja, subiri, soma taa ya SIGNAL, kisha jaribu dirisha jingine. Mita chache tu huweza kubadili mambo.

Kama bado, izime, hesabu mpaka 30, uiwashe tena. Watu hucheka dawa hii, lakini hutibu mara nyingi, kwa sababu rauta hulazimika kuutafuta mnara upya.

Nyuma ya rauta kuna tundu dogo sana. Mtu atakuambia, "Ingiza pini, ubonyeze." Ngoja. Ukilibonyeza kwa sekunde kadhaa, unafuta mipangilio yote. Kama uliwahi kubadili nenosiri, lile la kibandiko litarudi. Na kama mipangilio ya kampuni iliingizwa na fundi, itabidi arudi. Tundu hilo ni la mwisho, si la kwanza.

Kuna ugonjwa mwingine wa ajabu. Rauta ni nzima, bando lipo, simu za wengine zinafungua kurasa, yako tu inakataa. Tazama tarehe kwenye simu yako. Simu ikidhani huu ni mwaka 2015, kurasa nyingi zitakataa kufunguka, maana simu haiwezi kuthibitisha vyeti vya kurasa hizo. Rekebisha tarehe.

Wale waliovutiwa waya wa faiba hawana laini wala mnara. Kwao taa ya kuangalia ni iliyoandikwa LOS. Ikiwa nyekundu, mwanga haufiki nyumbani. Usiukunje waya huo, usiukate, wala usichungulie ncha yake, kwa kuwa mwanga wake hauonekani na unaweza kudhuru jicho. Ita kampuni.

Kama kosa liko nje

Jumapili tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, ziliharibika upande wa Afrika Kusini. Intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku ile mtu wa Isevya angeweza kubadili chaja, laini na dirisha asipate kitu, maana kosa lilikuwa baharini, mbali kabisa.

Utajuaje? Muulize jirani anayetumia kampuni nyingine. Ninyi nyote mkikosa, subirini. Wewe ukikosa peke yako, rudi kwenye vituo vya nyumbani. Wateja wa kampuni yako wakikosa mtaa mzima, na wa kampuni nyingine wanapata, huenda mnara una hitilafu. Hapo piga simu huduma kwa wateja.

Kabla ya kupiga, andika kwenye daftari. Mhudumu atauliza mambo mengi, na mtu aliyekasirika husahau. Kwa mfano:

Namba ya laini ya rauta: ...
Namba ndefu ya kifaa, iliyo kwenye kibandiko: ...
Imeanza lini: Jumanne, saa 2 usiku.
Taa: POWER kijani. SIGNAL kijani. INTERNET nyekundu.
Nimejaribu: kuzima na kuwasha, dirisha la mashariki, bando lipo.

Mhudumu wa kweli hataki namba yako ya siri ya pesa za kwenye simu. Akiiuliza, kata simu hiyo, upige mwenyewe namba ya kampuni iliyo kwenye kadi ya laini.

Andika pia jina la mhudumu, saa uliyopiga na alichokuahidi. Ukipiga tena kesho yake utakuwa na la kumsomea.

Maswali

1. Simu inaonyesha alama ya waifai, lakini kurasa hazifunguki. Utaanza kuangalia nini?
2. Mwalimu aandike ubaoni: kO0l1Ib7. Inakili bila kukosea. Ina herufi kubwa ngapi? Ina namba ngapi?
3. Leta darasani chaja yoyote kutoka nyumbani. Soma namba ya volti iliyoandikwa juu yake.