Sheria ndogo za ushirika wa nyumba zitungwe kwa lugha ya mkutano

Ni nyaraka chache zinazopitishwa kwa haraka na kusomwa na watu wachache kama sheria ndogo za chama cha ushirika. Katibu huzisoma kwa Kiingereza mbele ya mkutano mkuu, mwenyekiti huuliza kama kuna mwenye swali, kimya hutanda, mmoja hupendekeza, mwingine humuunga mkono, na mikono huinuliwa. Chai inangoja. Katika chama cha akiba na mikopo, uzembe huo aghalabu humgharimu mtu fedha. Katika chama cha nyumba, waweza kumgharimu makao.

Chama ambacho mimi ni mwanachama wake, viungani mwa Nairobi, kinazirekebisha sheria zake mwaka huu, nami nimo katika kamati ndogo iliyopewa kazi hiyo. Sheria tulizo nazo zilitungwa wakati wanachama walipokuwa wakichanga pesa za kununua shamba. Ndiyo maana zimejaa habari za viwanja, kura ya kuvigawa, na malipo ya mpimaji. Leo hapana kiwanja kitupu. Kuna nyumba, kisima kimoja, lango, walinzi, na shimo la maji taka linalofurika kila masika. Je, aliyeuza nyumba yake angali mwanachama? Na aliyeinunua ni nani? Sheria zimenyamaza. Maadamu Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997 ilimpa kila mwanachama kura moja, awe na hisa nyingi au chache, swali hilo si dogo. Kwetu yupo bwana aliyehamia Eldoret zamani ambaye bado hupiga kura juu ya bei ya maji asiyoyanywa, ilhali anayeyanywa huketi nje ya ukumbi.

Hayo, hata hivyo, yaweza kurekebishwa kwa jioni mbili za mjadala. Lililo gumu zaidi ni lugha.

Hebu tukitazame kifungu cha kumfukuza mwanachama. Nakala ya Kiingereza, ambayo ndiyo iliyosajiliwa, inatumia kitenzi "may": kamati ina hiari ya kumpa mshtakiwa nafasi ya kujitetea. Mkutanoni, aliyefasiri alisema, "Kamati itampa nafasi ya kujitetea." Wanachama wakaridhika, na nani asingeridhika? Lakini kiambishi -ta- kinaahidi, nacho kitenzi cha Kiingereza hakiahidi lolote. Siku ya mgogoro, kitakachofunguliwa mbele ya Baraza la Ushirika ni kile kijitabu kilichosajiliwa, si maneno ya mfasiri. Wala nisiupendelee ufasiri wa Kiswahili kupita kiasi. Neno "anaweza" nalo lina utata wake, kwani hubeba uwezo, ruhusa na uwezekano kwa pamoja. Mtungaji wa sheria hana budi kuchagua: "ana hiari ya" au "ni sharti". Mwalimu wa chuo cha ualimu anayetafuta mfano wa dhamira za kitenzi kwa ajili ya darasa lake la isimu hatapata ulio bora kuliko huo.

Kuna kifungu kingine kisemacho kwamba kura itapigwa na "mwanachama mwema" tu. Katika mkutano mmoja tulipoteza karibu saa nzima tukibishana kama mlevi ni mwanachama mwema. Mzee mmoja aliapa kwamba si mwema. Maana iliyokusudiwa na wakili ilikuwa ni yule asiyedaiwa na chama. Kwa nini basi isisemwe hivyo?

Lakini fumbo lililonisononesha zaidi ni la "jamaa wa karibu". Sheria ya 1997 ilimruhusu mwanachama kumteua mtu atakayekabidhiwa hisa na maslahi yake akifariki. Huyo ni mteule, naye huteuliwa kwa hiari ya mwenye hisa. Fomu yetu, hata hivyo, ilitafsiriwa kwa kuuliza jina la jamaa wa karibu, na wanachama wengi, ambao walikuwa vijana wakati huo, waliandika jina la kaka au baba. Walidhani wanaulizwa nani apigiwe simu wakiugua. Miaka ikapita, wakaoa au wakaolewa, wakajenga, na fomu ikabaki kabatini. Mmoja wao alipofariki, nduguye alikuja ofisini na barua ya chifu, na jina lake likapatikana kwenye fomu. Mjane, aliyekuwa amelipa michango ya chama kwa mkono wake kwa miaka mingi, aliambiwa angoje. Angali anangoja.

Mawakili watasema kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kazi hii. Hoja hiyo imechakaa. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Bunge la Taifa lina Kanuni za Kudumu kwa Kiswahili. Majirani zetu wa Tanzania waliirekebisha sheria yao mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Akidi, hisa, mteule, amana, rufani: tunalokosa ni lipi hapo?

Sisemi kwamba nakala ya Kiingereza itupwe. Nasema itangulie ya Kiswahili, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha ambayo wanachama wetu hubishania. Kifungu kikishindwa kueleweka kwa lugha ya ubishi, kirudi kwa mtungaji kabla hakijafika kwa mfasiri. Hapo ndipo wakili aandike ya Kiingereza, na mwalimu mwanachama (ni nadra chama kukosa mmoja) alinganishe nakala hizo mbili kifungu kwa kifungu. Nayo kamati isianze kutoza faini mpya asubuhi inayofuata mkutano, kama ilivyozoeleka, kwani marekebisho hayapati nguvu kabla ya kusajiliwa na Kamishna wa Ustawi wa Ushirika.

Kamati yetu ndogo imekubaliana kwamba rasimu isomwe kwanza katika vikao vya kila barabara, Jumamosi tatu mfululizo, na kwamba fomu zote za zamani zijazwe upya. Jambo moja bado linatugawanya. Wenzangu wawili wanataka sheria zote zipitishwe kwa pamoja, ili tusilale ukumbini. Mimi nashikilia kwamba kifungu cha kumfukuza mwanachama na kile cha mteule vipigiwe kura peke yake, kila kimoja kwa karatasi ya siri, baada ya kusomwa kwa Kiswahili mara mbili.