Utomvu wa mepo unavyoshuka wenyewe hadi kwenye tangi

Mgema wetu hupanda mnazi na kibuyu chake. Wanaogema mepo, mti wa nchi za baridi wenye utomvu mtamu, hawapandi. Huko Vermont nchini Marekani na Quebec nchini Kanada, hutoboa shina kwa keekee, tundu la kina cha sentimita 4 hivi, wakachomeka mrija mfupi. Kutoka hapo utomvu unaweza kushuka kwa mpira hadi kwenye tangi bondeni, bila pampu.

Kazi kubwa ni kuufunga mpira. Huvutwa mti hadi mti, ukakazwa kama kamba ya kuanikia nguo, na kila hatua lazima uteremke. Ukilegea mahali pamoja tu, utomvu hutuama hapo, jua likaupasha, ukaharibika. Msimu wenyewe ni wiki chache, na lita 1 ya shira hutaka lita 40 hivi za utomvu. Hakuna wa kumwaga.

Lililotushangaza sisi ni unene wa mpira. Ungedhani mpana ndio bora, kumbe kwenye mteremko mkali wengi huchagua mwembamba, wa milimita 5 hivi. Ndani yake utomvu hujaa bila hewa kupita pembeni, na uzito wa ulio chini huvuta ulio juu, kama mnavyotoa dizeli kwenye pipa kwa mpira. Tangi likiwa chini zaidi, mvuto huongezeka.

Ila mwembamba huziba upesi, kwa hiyo huoshwa kila msimu ukiisha. Na kindi akiutafuna, hewa huingia na mvuto hupotea. Ndiyo maana wenye miti huzunguka msituni kila mara wakikagua.