Fahamu: Jinsi filamu ya The African Queen ilivyopigwa porini

Kutoka Moi's Bridge, Kenya, hadi Uganda si mbali. Huko, na Kongo, ndiko mwongozaji John Huston alikopigia The African Queen mwaka 1951: mwanamume na mwanamke ndani ya mashua kuukuu, wakiponea chupuchupu kwenye maporomoko na risasi za Wajerumani. Kamera za rangi zilikuwa nzito, zikafungwa juu ya vyelezo mtoni. Mashua ilizama, wakaiopoa. Katharine Hepburn, aliyeigiza mwanamke huyo, aliharisha vibaya, lakini hakuacha kuigiza. Kwangu, huyo ndiye shujaa wa filamu hii. Na ruba waliomganda Humphrey Bogart, aliyeigiza mwanamume? Sehemu hiyo ilipigwa studioni Uingereza, maana maji ya mto yalikuwa na maradhi. Bogart alipata Oscar, ya pekee maishani mwake.