Kuzunguka Ziwa kwa Basi: Tiketi kwa Kila Kipande cha Safari

Msafiri mwenye begi la mgongoni anayetaka kuiona miji ya mwambao wa Ziwa Victoria mmoja baada ya mwingine anaweza kuanzia Igogo, jijini Mwanza, na kuchagua kati ya njia mbili. Njia ya mashariki huanzia Kituo cha Mabasi cha Nyamhongolo, ikapita Magu, Lamadi na Bunda hadi Musoma. Ya magharibi hupitia Nyegezi, ikavuka Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilometa 3, lililozinduliwa tarehe 19 Juni 2025, kisha ikaelekea Sengerema, Geita, Chato, Muleba na Bukoba.

Safari ya namna hii hutofautiana na ya moja kwa moja kwa jambo moja. Anayelala Lamadi usiku mmoja na Bunda usiku wa pili hafanyi safari moja, bali safari tatu, na kila moja ina mkataba wake na mtoa huduma. Ushahidi wa mkataba huo ni tiketi.

Mahali abiria anapopoteza haki zake

Abiria anayeanza safari katika kituo kikuu kwa kawaida hupewa tiketi ofisini. Tatizo huanza katika miji ya kati, ambako basi husimamishwa kando ya barabara, fedha zikapokelewa mlangoni na safari ikaendelea bila karatasi wala ujumbe wa simu. Abiria huyo hulipa nauli kama wenzake, lakini hana kinga waliyo nayo. Ikitokea ajali, jina lake halimo katika orodha ya abiria, na ndugu zake watapata shida kuthibitisha kwamba alikuwamo. Basi likiharibika, hana cha kuonyesha anapodai usafiri mbadala au kurejeshewa nauli. Begi lake likipotea, hana pa kuanzia.

Kwa sababu hiyo, dai tiketi ya kielektroniki hata kwa kipande kifupi. Kabla ya kuketi, soma jina lako, tarehe, namba ya usajili wa basi, kituo unachoshukia na kiasi ulicholipa. Ukiona kosa, liombee marekebisho hapo hapo.

Kukadiria nauli

Nauli za mabasi ya mikoani zina ukomo uliowekwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), nao hukokotolewa kwa umbali. Kwa viwango vilivyoanza kutumika tarehe 8 Desemba 2023, ukomo kwa barabara ya lami ni shilingi 48.47 kwa kila kilometa katika daraja la kawaida, na shilingi 67.84 katika daraja la kati. Hivyo, kwa kilometa 100 ukomo ni shilingi 4,847 au shilingi 6,784. Viwango hubadilika, thibitisha vinavyotumika siku unayosafiri.

Hesabu hii humsaidia hasa anayeshuka njiani. Ukiambiwa ulipe nauli ya Musoma ilhali unashukia Lamadi, taja kituo chako, uliza nauli ya umbali huo na utake iandikwe katika tiketi. Usimkabidhi mpiga debe fedha. Lipa kwa wakala au mhudumu wa basi anayeweza kukupa tiketi papo hapo.

Begi

Fedha, dawa na vitambulisho vikae nawe kitini. Begi likiwekwa kwenye buti, hakikisha limebandikwa alama inayolingana na stakabadhi uliyopewa, na ushuke kulichungulia basi linaposimama kwa muda mrefu. Mzigo unaolipiwa uwe na stakabadhi yake.

Basi na kivuko

Baadhi ya safari huunganisha barabara na maji. Anayetoka Bunda kwenda Nansio, Ukerewe, huvuka kwa kivuko kati ya Kisorya na Rugezi. Malalamiko kuhusu basi hupelekwa LATRA, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019. Masuala ya usalama wa kivuko au meli yako chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC).

Ukiwa na lalamiko

Anza kwa mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi au ujumbe wa simu unaoweza kuutunza. Usiporidhika, fika ofisi ya LATRA ya mkoa ulipo, au piga simu ya bure iliyochapwa nyuma ya kijitabu hiki. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini nalo husaidia abiria kuwasilisha hoja zao. Taja namba ya basi, tarehe, saa na mahali, na uambatishe tiketi. Mwendo wa hatari usisubiri mwisho wa safari: toa taarifa mkiwa bado barabarani.

Tunza tiketi za vipande vyote hadi urudi nyumbani salama, wewe na begi lako.