Hesabu ya Kitambaa katika Jua la Garissa

Kitambaa hakiwezi kusimama chenyewe. Kikisukumwa hukunjamana, kikibebeshwa mzigo hulegea. Kazi pekee kinayoimudu ni kuvutwa. Usanifu wa mapaa ya kitambaa umejengwa juu ya sifa hiyo moja, na kwa nusu karne sasa kompyuta imeugeuza kuwa sayansi ya uhakika. Kwa mji kama Garissa, ambako joto la mchana hupita nyuzi 35 kwa miezi mingi na kivuli ni mali, paa jepesi linalofunika eneo kubwa kwa nguzo chache huonekana kuwa jibu lililokuwa likisubiri swali. Lakini inafaa kutenganisha tatizo ambalo kompyuta imelimaliza na lile ambalo haijaligusa.

Tatizo la kwanza ni la umbo. Turubai lililovutwa kati ya nguzo nne lazima libonyee katikati. Ukitaka kupunguza mbonyeo huo kwa nusu, nguvu inayohitajika kwenye kamba huongezeka takriban maradufu. Ukitaka turubai liwe bapa kabisa, utahitaji nguvu isiyo na kikomo, bidhaa ambayo hakuna duka linaloiuza. Ndiyo maana turubai la harusi hukusanya maji ya mvua tumboni na hupigapiga upepo unapovuma. Dawa yake ni kulipa paa mikunjo miwili inayopingana, kama tandiko la farasi: upande mmoja linainama, upande wa pili linainuka. Nyuzi zilizoinama hubeba uzito wa mvua, zile zilizoinuka huzuia upepo usilinyanyue paa, na zote huwekewa mkazo wa awali, yaani huvutwa kabla mzigo wowote haujafika.

Umbo la namna hiyo halichorwi kwa matakwa ya msanifu. Hutafutwa, kwa sababu ni moja tu linalolinganisha nguvu zote kwa ncha zilizochaguliwa na mkazo uliopangwa. Mjerumani Frei Otto alilitafuta kwa utando wa povu la sabuni uliotandazwa kwenye fremu za waya, kisha kwa vielelezo vidogo. Kwa paa la uwanja wa Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972, vielelezo havikutosha: kosa dogo la kipimo mezani huwa kosa kubwa kwenye jengo. Hapo ndipo Klaus Linkwitz na Hans-Jörg Schek wa Stuttgart walipobuni mbinu ya msongamano wa nguvu. Badala ya kuhesabu nguvu na urefu wa kila kipande cha kebo kama mambo mawili yasiyojulikana, mbinu hiyo huweka mapema uwiano kati yao, na milinganyo iliyokuwa migumu hugeuka kuwa ya mstari, chakula cha kawaida cha kompyuta. Leo kazi hiyo hufanywa kwa sekunde kwenye kompyuta ya mkononi, na msanifu huiita ubunifu.

Linalofuata ni kukata. Sura iliyojikunja pande mbili haiwezi kulazwa bapa bila kupotoshwa, hivyo programu huigawa katika vipande virefu vyembamba ambavyo upotofu wake unavumilika. Kila kipande hupunguzwa kidogo kuliko kipimo chake cha mwisho, ili kikivutwa kifike mahali pake. Mtande na mshindio havinyumbuki sawa, kwa hiyo kitambaa hupimwa kwanza kwa kuvutwa pande zote mbili. Kisha mashine inayoongozwa na kompyuta hukata, na viungo huunganishwa kwa joto. Usahihi huo una bei yake: paa lililokatwa hivi lina umbo moja tu, na nguzo moja ikiwekwa kando ya mahali pake, makunyanzi hutangaza kosa kwa kila mpita njia.

Mahujaji wengi wa Garissa wamepita chini ya mfano bora wa kazi hii. Jengo la mahujaji katika uwanja wa ndege wa Jeddah, lililofunguliwa mwaka 1981 na kupata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu mwaka 1983, lina mahema 210, kila moja likifunika mraba wa mita 45 kwa 45. Kitambaa chake ni cha nyuzi za kioo zilizopakwa tefloni: hakishiki moto kwa urahisi, hakiliwi na jua, na hurudisha angani sehemu kubwa ya joto. Kileleni mwa kila hema kuna tundu la kutolea hewa moto. Lakini kitambaa hicho hakipendi kukunjwa, maana nyuzi za kioo huvunjika kwenye mkunjo. Hema la gharama kubwa kuliko yote ndilo lisiloweza kuhama.

Takriban kilomita 100 kaskazini-mashariki mwa mji wa Garissa, kitambaa kina historia nyingine. Kambi za wakimbizi za Dadaab zilianza mwaka 1991 zikilengwa kuhifadhi watu 90,000; mwaka 2011 zilikuwa na zaidi ya 460,000. Hema la familia la UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, limekusudiwa kudumu angalau mwaka mmoja, na kambi zimeingia muongo wake wa nne. Hapa hakuna aliyekosea hesabu ya umbo. Miale ya urujuanimno hukata minyororo ya plastiki hadi turubai linamomonyoka. Vitundu vya kamba hukusanya mkazo na kuchanika. Vigingi hung'oka katika udongo wa mchanga. Paa la kitambaa hufia ukingoni na kwenye nanga, mara chache sana katikati.

Jambo hilo wafugaji Wasomali walilijua bila programu. Aqal, nyumba ya kuhama, hujengwa na wanawake na ni mali yao. Fito hupindwa kuwa kuba na kufungwa kwa kamba, kisha hutandikwa mikeka; wakati wa kuhama vyote hupakiwa juu ya ngamia. Fito zilizopindwa hutaka kujinyoosha, na kamba huzizuia: wahandisi wa Ulaya waliandika tasnifu kuhusu kanuni hiyo baadaye. Tofauti kubwa zaidi iko kwenye marekebisho. Mkeka ukichakaa hubadilishwa huo peke yake, kamba ikilegea hukazwa na mwenye nyumba. Dadaab wanawake waliendelea kujenga kuba hizo kwa vijiti, wakiweka turubai la msaada mahali pa mikeka. Gharama ilihamia kwenye vichaka vya jirani, vilivyokatwa kwa fito na kuni.

Wala kitambaa hakikuchaguliwa huko kwa sababu za kihandisi tu. Katika eneo jipya la Ifo 2, ujenzi wa nyumba za matofali ya udongo ulioshindiliwa ulisimamishwa na serikali iliyoona dalili ya makazi ya kudumu. Hema lilikubalika kwa kuwa lilionekana la muda, sifa ambayo haijawahi kupimwa maabara. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa 2025 vimebadilisha mwelekeo: kambi zinatakiwa kuwa makazi yaliyounganishwa na wenyeji. Hoja ya kumlaza mtu chini ya kitambaa mwaka baada ya mwaka imebaki bila mtetezi.

Kitambaa chenyewe hakijapoteza kazi. Kinafaa pale panapohitajika kivuli kipana na upepo upite: soko la mifugo la Garissa, viwanja vya shule, foleni za maji. Huko, poliesta iliyopakwa PVC, inayokunjika na kudumu zaidi ya muongo ikitunzwa, ina maana zaidi kuliko nyuzi za kioo. Lakini mkazo wa awali hupungua kadiri kitambaa kinavyonyumbuka, na paa lililolegea hupigapiga hadi lichanike. Kwa hiyo mkataba wa paa la namna hiyo unapaswa kutaja, pamoja na michoro, nani wa mjini atakayekaza kebo kila msimu, kwa kifaa gani, na kipande cha akiba kimehifadhiwa wapi. Hesabu ya umbo inaweza kufanywa popote duniani. Hii nyingine haina programu, na ndiyo huamua kama paa litafikisha miaka yake.