Nyumba ya Kuishi na Nyumba ya Kufikia: Jinsi Jiji la Paris Linavyodhibiti Upangishaji wa Muda Mfupi

1. Utangulizi

Wahenga wa Kiswahili walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndani ya methali hiyo mna kanuni ya ujirani. Mtu akaaye siku chache huhesabiwa kuwa mgeni. Akizidisha siku huingia katika hesabu ya wenyeji, naye hushiriki kazi na mizigo ya mji. Jiji la Paris, mji mkuu wa Ufaransa, limelazimika kuweka hesabu ya namna hiyo katika sheria. Tofauti ni kwamba huko anayehesabiwa siku si mgeni mwenyewe, bali ni nyumba anayofikia. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya sheria hiyo, mantiki yake, utekelezaji wake na mipaka yake.

Chanzo cha tatizo ni uhaba wa nafasi. Paris ina wakazi zaidi ya milioni 2 katika eneo la kilometa za mraba 105 hivi, na viwanja vya kujenga mitaa mipya karibu vimekwisha. Kwa hiyo kila nyumba inayotengwa kwa ajili ya watalii hutoka katika hesabu ya nyumba za wakazi. Mtalii hulipa kwa usiku mmoja fedha nyingi kuliko sehemu ya pango ambayo mpangaji wa mwaka mzima angelipia usiku huo huo; basi mwenye nyumba huvutwa na faida hiyo. Biashara hii ni ya zamani, lakini ilikuwa ndogo. Baada ya kampuni ya Airbnb kuanzishwa mjini San Francisco mwaka 2008, mtu yeyote mwenye funguo za nyumba aliweza kuwafikia wageni wa dunia nzima kwa njia ya intaneti. Wanaoumia ni muuguzi, mwalimu kijana na mwanafunzi, wanaotafuta chumba cha kukaa kwa miezi, si kwa siku.

2. Asili ya sheria

Ingefikiriwa kwamba sheria ya Paris ilizaliwa pamoja na intaneti. Sivyo. Mzizi wake ni amri ya tarehe 11 Oktoba 1945, iliyotolewa baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati Ufaransa ilipokuwa na upungufu mkubwa wa nyumba. Shabaha ya amri hiyo ilikuwa kuzuia nyumba za kuishi zisigeuzwe kuwa ofisi au mahali pa biashara pasipo idhini ya serikali. Kanuni hiyo imehifadhiwa hadi leo katika kifungu L. 631-7 cha Sheria ya Ujenzi na Makazi. Inatumika katika miji yenye wakazi zaidi ya 200,000, pamoja na majimbo matatu yanayopakana na Paris.

Sheria ya tarehe 24 Machi 2014 iliongeza maneno machache yenye uzito mkubwa. Ilitamka kwamba kupangisha nyumba yenye samani mara kwa mara, kwa muda mfupi, kwa wageni wapitao wasiofanya makao humo, ni kubadilisha matumizi ya nyumba hiyo. Kwa maneno mengine, nyumba haibadiliki kwa kubomolewa kuta au kutundikwa bango la duka. Yaweza kubadilika kwa namna tu watu wanavyoingia na kutoka. Hapo ndipo kanuni ya mwaka 1945 ilipoikuta biashara ya karne ya 21.

3. Aina tatu za nyumba

Ili kuielewa sheria, ni lazima kutenganisha hali tatu.

Hali ya kwanza ni ile ya mtu anayepangisha makao yake ya kudumu. Sheria ya Ufaransa huita makao ya kudumu nyumba ambayo mtu hukaa humo kwa muda usiopungua miezi 8 kwa mwaka, isipokuwa kama anazuiwa na kazi, afya au sababu nyingine isiyoepukika. Mwaka una miezi 12; ukiondoa 8 inabaki 4, yaani siku 120 hivi. Ndiyo asili ya kikomo cha siku 120, ambacho kwa miaka kadhaa kilikuwa kanuni ya Paris. Mwenye nyumba aliruhusiwa kuwapokea watalii alipokuwa safarini au likizoni, bila kuomba idhini ya kubadilisha matumizi. Sheria ya tarehe 19 Novemba 2024 iliziruhusu halmashauri kupunguza kikomo hicho hadi siku 90, na Paris ilifanya hivyo kuanzia tarehe 1 Januari 2025. Anayepangisha chumba kimoja huku mwenyewe akiendelea kuishi humo hafungwi na kikomo hicho, kwa kuwa nyumba haijakoma kuwa na mkazi.

Hali ya pili ni ile ya nyumba isiyo makao ya kudumu ya mtu yeyote: nyumba ya pili ya familia, au ile iliyonunuliwa kwa ajili ya kuzalisha fedha. Hapa hakuna siku za bure. Mwenyewe lazima apate idhini ya jiji, na idhini hiyo huambatana na fidia. Neno hili linahitaji maelezo, maana katika Kiswahili fidia huleta picha ya fedha zinazolipwa. Katika sheria ya Paris fidia ni nafasi. Atakayeondoa mita 30 za mraba katika nyumba za kuishi hana budi kuzirudisha kwa kugeuza ofisi au duka kuwa makazi, au kununua haki hiyo kwa mwenye jengo jingine aliyefanya mageuzi ya namna hiyo. Katika sehemu zenye uhaba mkubwa zaidi, jiji limedai nafasi maradufu. Ni dhahiri kwamba masharti hayo huondoa sehemu kubwa ya faida, na hiyo ndiyo nia yake.

Hali ya tatu ni ile ya mpangaji anayetaka kupangisha tena. Huyu lazima apate kwanza idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi. Tarehe 12 Septemba 2019 mahakama ya juu ya kesi za madai nchini Ufaransa iliamua kwamba fedha zilizopatikana pasipo idhini hiyo ni mali ya mwenye nyumba, si ya mpangaji. Kwa wapangaji wa nyumba za jamii, biashara hiyo imekatazwa.

4. Utekelezaji

Sheria isiyoweza kuhesabu haiwezi kuweka kikomo. Ndiyo sababu, kuanzia tarehe 1 Desemba 2017, kila nyumba ya Paris inayotolewa kwa watalii ilitakiwa kuandikishwa kwenye jiji na kupewa namba, na namba hiyo ionekane katika kila tangazo. Bila namba, wakaguzi wangelazimika kubisha hodi mlango kwa mlango. Kwa kutumia namba, wanaweza kulinganisha matangazo na daftari la jiji.

Hatua ya pili ilikuwa kuzishirikisha kampuni zenyewe. Sheria ya tarehe 23 Novemba 2018 iliweka faini ya hadi yuro 12,500 kwa kila tangazo lisilo na namba, na hadi yuro 50,000 kwa kila tangazo ambalo kampuni ilikataa kutoa idadi ya siku zake. Tarehe 1 Julai 2021 mahakama ya Paris iliiamuru Airbnb kulipa zaidi ya yuro milioni 8 kwa sababu ya matangazo 1,010 yasiyokuwa na namba. Sheria ya mwaka 2024 ilizidisha adhabu za wenye nyumba: anayebadilisha matumizi bila idhini anaweza kutozwa hadi yuro 100,000, badala ya 50,000 za awali.

Sheria hiyo hiyo iliwapa nguvu majirani. Katika majengo ambayo kanuni zake huzuia biashara, wamiliki wa pamoja waliruhusiwa kukataza nyumba za watalii kwa wingi wa theluthi mbili ya kura, ingawa hawawezi kumzuia mwenzao kupangisha makao yake ya kudumu. Kabla ya hapo kila mmoja alipaswa kukubali, akiwemo yule mwenye kufaidika.

5. Mabishano

Wapinzani wa kanuni hizi si wadanganyifu peke yao. Wapo wenye nyumba ndogo ambao pango la wageni huwasaidia kulipa deni la benki. Hoja yao ni kwamba mali ya mtu ni yake, na kwamba Umoja wa Ulaya umehakikisha uhuru wa kutoa huduma. Hoja hiyo ilifika kwenye Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo tarehe 22 Septemba 2020 iliamua kwamba kupambana na uhaba wa nyumba za kupanga kwa muda mrefu ni sababu ya manufaa ya umma, inayotosha kuhalalisha mfumo wa idhini, mradi masharti yake yalingane na hali halisi ya mji. Kwa hiyo haki ya mwenye mali haikufutwa. Ilipimwa pamoja na haja ya mkazi.

Ugumu mwingine ulikuwa wa ushahidi. Kwa muda mrefu jiji lilipaswa kuthibitisha kwamba nyumba ilikuwa ya kuishi tarehe 1 Januari 1970, na hati za siku hiyo mara nyingi zilikuwa pungufu au hazionekani. Kesi kadhaa zilianguka hapo. Sheria ya 2024 ilipanua muda huo, ikakubali pia ushahidi wa miaka 30 iliyotangulia. Hata hivyo, kuzuia watalii hakuleti wapangaji papo hapo: mwenye nyumba aweza kuiuza, kuiacha tupu, au kuipangisha kwa kampuni. Kanuni hulinda nyumba zilizopo; hazijengi mpya.

6. Hitimisho

Kwa msomaji wa Kongo, sheria hii inafaa kulinganishwa na ile ya nchini kwake ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya upangaji wa nyumba, iliyoweka kikomo cha dhamana kuwa miezi 3 kwa nyumba za kuishi. Sheria ya Kongo husimama kati ya mwenye nyumba na mpangaji. Ile ya Paris inaongeza mtu wa tatu asiyekuwemo katika mkataba: mkazi ambaye bado hajapata nyumba.

Kwa upande wa lugha, Kiswahili hakihitaji kuazima ili kutaja tofauti hii. Mgeni hufikia nyumba. Mkazi huishi ndani yake. Vitenzi hivyo viwili vinatoa istilahi mbili zilizo wazi, nyumba ya kufikia na nyumba ya kuishi, nazo zinabeba kiini cha sheria nzima. Kazi ya jiji ni kuangalia kwamba ya kwanza haimezi ya pili, maana mji usio na wakazi hauna tena wa kumpokea mgeni.